Ndege ya Mahari

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo nimemsomea Muhsin namba. Nakaanga sambusa, mikono yote unga, simu ikalia meseji. Papo hapo yeye anapiga kutoka Riyadh, yuko kwa kaka yangu Ziyad — Mama Nada, imeingia namba ya serikali, hebu nisomee. Nikamsomea. Ya nini? Akasema ya istimara, kadi ya usajili. Basi nikajua ya gari, maana yetu inaisha mwezi huu.

Akanishukuru. Akasema Mungu akuweke. Sauti laini, laini kupita kawaida ya mtu aliyesomewa namba tu.

Sambusa mbili zimeungua. Nimezila mwenyewe.

Jumatatu, 3 Novemba

Serikali inanipongeza! Meseji ndefu ya Kiarabu. Nimeisoma na miwani, nimeisoma bila miwani. Inasema chombo cha angani kimesajiliwa, mmiliki Samia, na jina la baba, na la babu, kama wanavyotuita mahakamani.

Nimemwonesha Roselyne, dada wa Kenya anayekaa nasi na kunisaidia kazi. Kaiangalia, kakunja uso. "Madam, hii si ni ya wale wakora? Wanatumanga hivi, ukibonyeza wanakula kila kitu."

Sikubonyeza. Nimempigia Muhsin. Kacheka. Ah, hiyo, karatasi tu, nikija Ijumaa nitakueleza.

Karatasi tu. Mimi nina ndege na sijui.

Ndege yenyewe naijua, si ngeni. Kikuukuu cha viti vinne na pangaboi moja mbele. Muhsin kakinunua alipostaafu ufundi wa ndege, akasomea urubani na mvi zake. Kinakaa kwenye kiwanja kidogo nje ya Riyadh, ndiko alikopata nafasi bandani. Na siku zote kimeandikwa jina la Ziyad. Baba yetu aliomba uraia mapema, nasi watoto tukaupata. Baba yake Muhsin hakuomba — alisema ya nini, mwakani tunarudi Unguja. Mwakani hiyo haikufika. Muhsin kazaliwa hapa hapa Jeddah, ana wajukuu, na bado anatembea na ikama, kibali cha ukaazi cha mgeni. Waliambiwa mtu wa ikama haandikiwi ndege.

Sasa imetoka kwa Ziyad imekuja kwangu. Kwa nini? Nani kaniuliza?

Jumatano, 5 Novemba

Ziyad kapiga simu. Kaanza na salamu ndefu, nikajua kuna jambo.

Keshachoka, anasema. Kila mwaka ada ya istimara, ada ya ukaguzi, bima, maegesho, yote yanamjia yeye, na Muhsin anamrudishia kidogo kidogo. Juzi kaulizwa na watu wa dhariba, kodi ya serikali, pia. "Da Samia, mie hata kuendesha sijui. Nikipanda natapika."

Basi wakamtafuta muakibu, mtu wa kufuatilia karatasi za serikali. Kawaambia Ziyad akiniuzia ndege, watatozwa dhariba, na thamani atapanga mkadiriaji, si wao. Akinipa bure, ataulizwa kwa nini anatoa bure na aliipata wapi. Wamekaa wote watatu wakakuna vichwa. Ndipo Muhsin kasema: mahari.

Nikamwambia Ziyad, rejea.

Karejea polepole. Ndege ni ya Muhsin, ilikuwa amana tu mkononi mwa Ziyad. Muhsin ana deni kwangu, mahari ya nyuma, ile iliyoandikwa siku ya ndoa na haijalipwa. Ziyad ndiye walii aliyeniozesha. Basi amana inatoka kwa walii, inakwenda kwa bibi harusi, deni limekwisha. Muakibu kasema hajapata kuliona jambo hilo, ila hakuna aliyelikataza. Wakaandika. Mashahidi wawili.

Bibi harusi! Nina kisukari na magoti mabovu.

Mahari yangu ya nyuma ilikuwa jozi ya vikuku vya dhahabu. Sikuwahi kuvidai hata siku moja, lakini nilikuwa najua vipo, yaani najua navidai. Sasa naambiwa nimelipwa pangaboi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kaja. Kaleta tende na uso wa mtu mwema.

Nimemuuliza: mahari hii ni ya kweli au ya kukwepea dhariba? Kasema yote mawili, kwani yana ugomvi gani? Halafu kaniambia, kama mtu anayesema kesho kuna mvua, kwamba ada zote sasa zitaingia kwenye simu yangu kwa kuwa mwenye ndege ni mimi. Nisishtuke. Yeye atalipa.

Nikamwambia, Muhsin, vikuku ningevivaa. Vikuku havilipiwi maegesho. Mahari gani hii inayokuja na dhariba yake mgongoni?

Kala kidogo sana, kasukuma sahani. Biriani aliyoiomba mwenyewe.

Roselyne anaosha vyombo, anasikia kila kitu. Baadaye kaniambia usiwe na wasiwasi madam, kwetu ukiandikiwa shamba ni lako, halas, hata bwana akuje na askari. Kisha kaniuliza kama siku moja anaweza kuketi ndani apigwe picha, awatumie watu wa kwao. Nimemwambia sijui. Hata mwenyewe sijawahi kuketi.

Jumapili, 9 Novemba

Nada kaja na watoto. Nimemsimulia binti yangu kisa cha ndege nikidhani atacheka. Kacheka. Halafu kaacha kucheka.

"Mama, mahari ya nyuma watu huilipa lini?"

Kila mtu anajua lini. Mume akikuacha, au mmoja wenu akifa. Kabla ya hapo huwa imelala tu, hakuna anayeiamsha.

Toka hapo sina raha. Kwani ananiacha? Kila wiki Riyadh, kila wiki ndege, bolti, mafuta, sijui kigurudumu. Mtu anaweza kuwa na mke Riyadh akasema ana ndege. Nimenusa mashati yake. Yananuka mafuta ya mashine. Nimeona haya nafsini mwangu, mtu mzima nakaa kwenye kapu la nguo.

Alasiri nikamuuliza uso kwa uso, una mke Riyadh? Kacheka mpaka kakohoa. Kasema nina mke mmoja na ndege moja, na ndege ni ya mke.

Nami nikacheka. Lakini alipokohoa alishika meza. Aliishika kwa mikono yote miwili, na alikawia kuiachia.

Jumanne, 11 Novemba

Karudi Riyadh. Simu yangu haipumziki.

Meseji ya istimara: lipa. Meseji ya kiwanja: maegesho. Meseji ya bima. Nyingine inauliza matumizi ya chombo, biashara au binafsi. Binafsi ya nani? Mimi au Muhsin? Hakuna mahali pa kuandika hivyo. Pana vidirisha viwili tu vya kubonyeza.

Nimejaribu kuelewa, wallahi. Nimekaa na chai yangu nikapanga. Isipolipiwa istimara, ndege haina ruhusa kuruka. Isiporuka, inakaa bandani, na banda wanalipisha kwa kukaa. Kwa hiyo ikiruka inalipiwa, isiporuka inalipiwa. Ile bima inasema ndege ni kitu kizee, thamani yake ndogo, ikiharibika watatupa kidogo. Mkadiriaji wa dhariba, yule aliyemuuliza Ziyad, kasema ndege za aina hii siku hizi hazipatikani, thamani yake kubwa. Ndege ni hiyo hiyo moja! Nimempigia muakibu. Kaniambia mama, usizichanganye, kila mlango na bei yake.

Nimezichanganya toka juzi.

Muhsin anasema dawa ni kuileta Jeddah. Kuna mtu huku ana banda la bei nafuu, tena itakuwa karibu, nitaiona. Ataileta mwenyewe Jumamosi, anga likiwa zuri. Nikamuuliza haraka ya nini, si isubiri baridi iingie vizuri. Kasema ada hazisubiri.

Huyu mtu katika maisha yake hajawahi kulipa hata bili ya umeme kabla ya kukumbushwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Ziyad. Kapiga kutoka nje ya nyumba yake, nasikia magari ya mtaa wao wa Sulimaniyah yanapita. Sauti ya chini. Kasema Da Samia, nimeapishwa, lakini siwezi.

Daktari anayewapima marubani kamwona Muhsin mwezi uliopita. Mshipa wa moyo umeziba. Kamwambia aende hospitali wautie kimrija, asikawie. Na kamwambia wazi, cheti chake cha afya kinaisha mwisho wa mwezi huu na hatokitia saini tena. Muhsin kasema sawa daktari, hospitali nitakwenda, nikishaifikisha ndege Jeddah.

Peke yake. Juu ya jangwa lote lile.

Nimekaa kitini. Roselyne kaniletea maji, kasimama mlangoni.

Nikamuuliza Ziyad, na wewe umetia saini, unajua? Kasema wakati wa kusaini hakuwa anajua, alidhani ni habari ya ada na dhariba, na ada na dhariba ni kweli, si uongo, karatasi anazo. Ila juzi kamuuliza Muhsin mbona mahari, mbona sasa, tungeweza kupata njia nyingine. Muhsin kamjibu hataki kwenda kwa Mola na deni la dada yako.

Kumbe si talaka. Ni lile la pili.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Nina hofu. Na katikati ya hasira na hofu kuna kitu kingine, naona haya kukiandika — nimefurahi kuwa alikumbuka vikuku. Nimelia jikoni, nikamwambia Roselyne ni vitunguu, na vitunguu bado viko kwenye mfuko.

Sijampigia Muhsin. Nikipiga nitasema nini? Ziyad kaapishwa. Na nikimkataza, lini Muhsin alikatazika?

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi. Anga safi, nimetoka mara kwa mara kwenye roshani kuliangalia, nikitamani vumbi.

Kapiga kabla ya saa nne. Upepo unavuma kwenye simu, yuko kiwanjani. Furaha ya mtoto wa Idi. Bima tayari, maegesho tayari, mafuta kajaza. Imebaki istimara tu, namba inakuja kwangu kwa kuwa mwenye chombo ni mimi, nikimsomea yeye anaingiza, ruhusa inatoka, anaondoka. Nimpikie pilau, chakula cha mchana atakula nyumbani.

Namba ikaingia. Tarakimu nne.

"Nisomee, Mama Nada."

Nikasema, "Ndege ya nani?"

"Yako."

"Kwa haki au kwa karatasi?"

Nilimsikia anavyofikiri. Akisema kwa karatasi, basi hajanilipa, deni lake liko pale pale. Akisema kwa haki, hainyanyuki bila mimi. Na yeye analijua hilo kuliko muakibu.

"Kwa haki," kasema. "Mbele ya Mungu na mashahidi."

"Basi mwenye ndege anasema, kwanza hospitali."

Upepo tu. Kisha, polepole, "Ziyad kakwambia."

Nikahamishia simu sikio la pili.

Kasema maegesho yatapanda. Nikamwambia yapande, ni maegesho yangu. Kasema ikivuka tarehe watatia faini. Nikamwambia na faini ni yangu, na dhariba ni yangu, yote yaje hapa kwenye simu, nimeshayazoea. Kasema Samia, wakishanitia huo mrija hawatanipa cheti tena. Halas. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho, na yote nimeyafanya kwa ajili ya safari hii.

Na mahari? nikamuuliza.

Kasema mahari pia.

Namba ikafa. Zinadumu kidogo tu, kisha zinakufa. Hakugomba. Ningejua la kufanya angegomba. Kaniita Samia. Hajaniita hivyo toka tumpate Nada, na leo kaniita mara mbili. Kasema, "Samia, anga ni safi. Mara moja tu." Akakata.

Nimepigia hospitali ya hapa mtaani Nuzha, nimechukua miadi ya kesho. Nimempigia Ziyad, kasema yuko njiani kwenda kiwanjani kumchukua kwa gari, lakini barabara imejaa.

Sasa naandika na simu iko mbele yangu, juu ya meza. Kaomba namba nyingine. Imeshaingia, naiona. Simu inaita. Roselyne kachungulia, anauliza mchele wa pilau aloweke wa watu wangapi, na mimi nimeshika simu, inaita bado, na sijui nimwambie wangapi.