Sekunde Moja kwa Kila Herufi

Jumatatu, 4 Machi
Mashine imefika. Kamera iliyo chini ya skrini inafuata macho yangu. Kwanza inakupima: unafuata kwa macho vitone tisa vinavyotokea kwenye skrini. Kisha nikikazia herufi kwa sekunde moja, inaandikwa. Mtaalamu aliyeileta kanisifu — eti wengi huchukua wiki kuzoea. Miaka thelathini nimezikodolea macho saa mbovu za watu, nishindwe na vitone tisa? Mikono na ulimi vimegoma, macho bado yako kazini. Neno la kwanza kwa mke wangu: "Mto." Umeniumiza shingo mwezi mzima. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 5 Machi
Daktari anataka jibu Ijumaa. Nitobolewe koo niwekewe bomba la kupumulia, au basi. Bila bomba ni miezi tu. Mke wangu keshapanga: kitanda kitasogezwa dirishani, dada yake atakuja kusaidia. Sikumwambia kitu. Nasema hapa: sitaki. Nimechoka kugeuzwageuzwa kama godoro linaloanikwa. Kumwambia yeye naogopa kuliko kufa kwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Herufi zimehama! Nataka maji, inaandika upuuzi. Mtaalamu kaja, kachokonoa, kauliza nani mwingine kakaa hapa — mashine imepima upya, macho mengine. Mke wangu akasema alikuwa anapangusa vumbi. Vumbi! Ili ikupime lazima ufuate vitone vyote tisa, na bila hivyo ukurasa huu, unaofunguliwa kwa macho tu, haufunguki. Nyumbani tuko wawili.
Amesoma.

Alhamisi, 7 Machi
Kanikata kucha, zote kumi, taratibu. Kitanda hakijasogezwa.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari yuko mbele yangu, kalamu mkononi. Haya fundi, tuweke bomba au tusiweke? Nilidhani mke wangu atanisemea. Akasema muulize mwenyewe, roho ni yake. Sauti kavu kabisa.
Daktari anadhani naandika jibu. Naandika hapa! Neno lenyewe ni sekunde sita tu, lakini kila nikianza macho yanamkimbilia yeye, pale kando ya skrini, na mashine inanipoteza. Nampenda, basi.
Daktari kainuka, anataka kuzunguka aje asome. Mke wangu kavuta kiti, kakaa katikati yetu, kanipa mgongo. Mwache amalize, daktari.
Mabega yanamtetemeka. Hajageuka. Uso wake siuoni — sasa naweza kuandika.