Maji ya Handaki la Baba

Dornsiepen, kando ya mto Ruhr,
Novemba 1686

Kaka yangu Eberhard,

Nakuamkia kwa upendo, nikiomba homa ya huko Hungaria iwe imekuacha. Sisi tu wazima wa mwili, ila nyumba imepoa. Keti kwanza, kaka. Baba ametutoka, na tumeshamzika kanisani, ubavuni mwa Mama.

Kile kifua ndicho kilichommaliza. Unakumbuka mabwana wenzake walivyomcheka, wakiuliza ni mtu gani wa ukoo bora anayekwenda kanisani na masizi puani. Naye akawajibu kwamba baridi ikibisha hodi, ni wao hao wanaotuma mikokoteni kununua makaa yake ya mawe. Lakini tangu maji yafurike mgodini, utani ulimwisha. Miaka yote uliyokuwa vitani amekuwa akichimbisha lile handaki chini ya kilima, ili maji yashuke yenyewe mpaka mtoni, na mwamba umekataa katakata.

Mwishoni macho yalikuwa hayaoni tena. Kila asubuhi aliuliza kama maji yametoka. Nikijibu bado, aligeukia ukutani, na chakula hataki. Ndipo msimamizi wake, mzee Tilmann, akanifuata jikoni, akasema Bibi, tusimwache Bwana aondoke na kiu hiyo. Akataka mimi nimlete tu kwenye mdomo wa handaki, mengine nimwachie yeye na wachimbaji. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema huenda, lakini ndoo anazo.

Basi tukambeba kwa kiti. Wachimbaji walijipanga mle ndani wakamwaga maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, wakishangilia kama watu wa harusi. Baba akanyoosha mkono, maji yakampita vidoleni. Alicheka, kaka. Akawaita wavivu wakubwa, wamemcheleweshea chakula cha mchana. Wanaume wazima walilia. Kesho yake akafariki.

Kasisi atakuandikia kwamba Baba alikufa ameshinda. Mimi siwezi kukuficha. Nilipomlaza siku ile, alinivuta karibu akaniambia kwamba maji ya mgodini hunuka chuma, na yale yalikuwa ya kisima chetu. Nilitamani ardhi inimeze. Akanikataza nisiwaambie neno, maana ndoo zile wamezibeba kutoka kisimani kwa migongo yao, na hajawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Ukirudi, Tilmann na wenzake watakunong'oneza jinsi walivyomchezea Bwana mpaka akaamini. Nakusihi, kaka, cheka nao.

Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ungali mzima.

Mdogo wako,
Walburga