Barua Niliyoikata Kola

Baba watoto, na ninyi wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Shati la mistari lililo kwenye cherehani lisiguswe. Nimetoka ~~kununua uzi~~ kwenda kusaini makubaliano ya deni. Basi, niseme ukweli wote.

Asubuhi nilitaka kutoa pesa za kitambaa, nikaambiwa akaunti imezuiwa kwa amri ya korti. Ni lile deni la cherehani yangu ya kwanza. Nilidhani lilikufa siku duka lililonikopesha lilipofungwa, kumbe kuna watu walionunua deni hilo, na barua walileta. Ndipo nikakuwakia wewe, baba watoto, kwamba umeificha. Ukaenda kazini bila hata chai.

Nikashika mkasi ili nipoze hasira. Naweka karatasi ya kupimia kola juu ya kitambaa, naona muhuri wa korti! Karatasi ilikuwa nene, nzuri, nikaikata mwenyewe bila kuisoma. Tarehe ya kesi niliikuta kwenye kipimo cha mfuko.

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Nimewapigia simu wanaonidai, wamekubali nilipe kidogo kidogo, na nikisaini leo akaunti itafunguliwa. Vipande nimeviunga kwa pini, nimeondoka navyo.

Mume wangu, nisamehe. Chai yako iko kwenye chupa, haijaguswa na mtu. Na lile shati ni lako. Kola yake nimeikata kwa barua ile ile, kwa hiyo siku nyingine nikikusingizia, nionyeshe kola tu. Nitanyamaza.

Mama, mwenye mkasi