Ratili Kumi za Yohana

Jumanne, Kilosa

Kilo moja si ratili mbili. Ni ratili mbili nukta mbili, na hiyo nukta mbili ndiyo iliyonikosesha raha leo.

Mwalimu anayesafiri kwenda Marekani amekubali kumpelekea Yohana, aliyeko huko, mzigo wa ratili kumi, basi. Mama yake Yohana akashuka kutoka Mamboya na maharage na mchele, akaniletea hapa posta nipime. Pamoja na sweta nililomfumia Yohana, mizani ilisoma kilo tano kamili.

"Ratili kumi hizo," akasema. "Pamba tuliuza hivyo hivyo, kilo moja ratili mbili."

"Ni kumi na moja, mama. Tupunguze karibu nusu kilo."

Akachungulia kifurushi. "Basi toa hilo sweta. Si huko ndiko mitumba inakotoka? Atakosa sweta?"

Akacheka, nami nikacheka. Hajui kwamba mimi na mwanawe tumeahidiana kuoana. Yohana alisema atawaambia wazazi wake mwenyewe, na barua zake siku hizi hazifiki hata nusu ukurasa.

Ningeweza kuinyamazia ile nukta mbili. Lakini uwanja wa ndege wangeyatupa maharage ya mama yake, na hayo najua atayala.

Nimelivaa sweta sasa, na joto lote hili. Mikono yake inapita vidole vyangu. Urefu wa mikono ya Yohana niliukisia kwa kukumbuka tu, na hakuna wa kuniambia kama nilipatia.