Taa ya Tairi Iliyozimwa kwa Maombi

Mpendwa Mama Nyirabeza, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nikinyamaza naweza kuua wanakwaya na nikisema naweza kuua ndoa.

Mimi ni Dafroza wa hapa Buffalo, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, nafanya kazi kwenye ghala, na mume wangu Leopoldi ni kiongozi wa kwaya na ndiye mwenye van inayotubeba. Theluji ilipoanza alinunua seti nyingine ya magurudumu ya baridi kwa mtu wa Amherst aliyekuwa anahamia kusini, rimu na matairi yake, akayafunga mwenyewe nje ya nyumba huku akijisifu kwamba hamhitaji fundi, na siku hiyo hiyo ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, ile inayofanana na sufuria yenye alama ya mshangao ndani. Akapima upepo, ukawa sawa, taa ikabaki palepale. Wenzake anaowabeba kwenda kiwandani wakaanza kunung'unika, mmoja akahamia gari la mtu mwingine, na mume wangu namjua, dharau ya namna hiyo inamkosesha usingizi, basi Jumapili baada ya ibada akawaita wazee wa kanisa wakaweka mikono juu ya dashibodi wakaomba, tukarudi nyumbani, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amekataza vitu kwenye korido, Leopoldi akapakia yale magurudumu ya kiangazi aliyoyafungua nyuma ya van ili ayapeleke kwa kaka yake, na Jumatatu akienda kazini taa imezimika.

Mama, alitoa ushuhuda kanisa zima likasimama. Siku hizi anapigiwa simu hadi kutoka Columbus na huko kwenu Louisville, anaombea taa za magari ya watu kwa spika, na magurudumu hayajafika kwa kaka yake, nafasi ya kuyapeleka ataipata wapi.

Mimi sikuwa na shaka mpaka siku nilipotaka kupeleka nguo dobi, nikayashusha yale magurudumu nipate nafasi, nikaendesha kidogo, taa ikawaka. Nikayarudisha, ikazimika. Nikadhani ni shetani, nikajaribu tena siku nyingine, ikawa vilevile. Nikanyamaza. Halafu Rudasingwa, mwimbaji wetu wa besi, taa yake ilikuwa imewaka kwa sababu ya msumari, akaombewa, akaacha kupima, akapata pancha kwenye barabara kuu watoto wakiwa ndani na theluji inaanguka, na mume wangu akamwambia imani yake ni ndogo.

Sasa Jumamosi tunakuja Louisville kwenye mkutano wa kwaya, tunapitia Columbus kuwachukua waimbaji wetu wanaosoma chuo kikuu, na ili akina mama wa sauti ya kwanza wapate viti lazima magurudumu yashuke. Nilipomwambia tuyashushe alikuwa mkali, akasema sauti ya kwanza watafutiwe gari lingine, na sijui ukali ule ulitoka wapi. Tairi la nyuma kushoto kila asubuhi naliona limelegea, nikimwambia ananionyesha dashibodi, "Mama Ombeni, wewe unaona taa hapo?" Nifanye nini, Mama?

Dafroza, Buffalo

*

Dafroza mdogo wangu,

Bon, pole. Nimecheka, na nilipofika kwa Rudasingwa nikaacha kucheka.

Hakuna shetani hapo. Ndani ya kila gurudumu lenu la kiangazi kuna kidude, mafundi wanakiita sensa, kinapima upepo na kuitumia van habari. Magurudumu ya yule mtu wa Amherst ama hayana vidude, ama yana vya gari lake. Van ilipokosa habari iliwasha taa, ikimaanisha kwamba haisikii kitu. Mlipoyapakia yale ya kiangazi, ikasikia tena. Donc, sasa inawapa habari za matairi yaliyolala nyuma, yameshiba upepo, hayana kazi wala msumari, na haya yanayokimbia kwenye barafu hakuna anayeyasikiliza. Hilo la kushoto linaweza kuisha upepo kabisa na taa isiwake hata mkiwa mtaroni.

Unasema hujui ukali ulitoka wapi. Unajua, ndiyo maana umeniuliza mimi hukumuuliza yeye. Mwanaume asiye na cha kuficha hawezi kuwaacha akina mama kwenye theluji ili matairi yapande gari. Leopoldi ameshaiona taa hiyo ikirudi, tena kabla yako. Na wewe uliona, ukajaribu mara ya pili, ukanyamaza, Rudasingwa akakwama kando ya barabara na watoto wake. Mmekuwa wawili katika siri moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Basi sikiliza. Leo akirudi kazini, usimgombeze mbele ya watoto. Mwambie, "Baba Ombeni, njoo tushushe magurudumu." Shusheni wote wawili, mzunguke mtaa, na taa ikiwaka usiseme neno, mwache aiangalie. Kesho mpeleke hilo tairi la kushoto kwa fundi wa matairi, yule ambaye hamkumhitaji, na mumwambie atie sensa kwenye magurudumu ya baridi na kuzitambulisha kwa van. Kama mfuko hauruhusu, acheni taa iwake, mpime kwa mkono asubuhi kabla gari halijatembea. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye ubavu wa mlango wa dereva.

Kisha kabla ya safari, kwenye mazoezi ya kwaya, yeye mwenyewe asimame aseme ilikuwaje, na aanze na Rudasingwa, amwombe msamaha. Asiogope kwamba kazi ya wazee itadharauliwa. Kama mmeendesha na tairi lile hadi leo na mko hai, hapo ndipo penye ushuhuda. Akikataa, usipande van hiyo, na uwaambie akina mama wa sauti ya kwanza sababu. Hao mimi nawafahamu, habari itafika Columbus kabla yenu.

Nitawangoja hapa Louisville. Leopoldi akishuka tu, kabla ya chai, mlete aongee na mume wangu Rugaba. Naye alimpigia simu, akaombewa kwa spika, na tangu siku hiyo kipimo cha upepo amekigawa kwa jirani. Ni gari hilo ninalopanda kila siku kwenda kuhudumia wagonjwa. Taa yetu bado inawaka, na Rugaba anasema niwe na subira.

Mama Nyirabeza