Sweta Niliyoitoa Kwa Begi

Achieng nyathina, mtoto wangu,

Pokea salamu zetu. Baba yako anakusalimu, mguu wake bado unamsumbua. Dani, bibi yako, anakusalimu, kila asubuhi anakuita umletee maji ya kunawa, na tukimkumbusha analia upya kama ndiyo ameambiwa leo. Omondi ndugu yako anakusalimu, amekataa kulalia kitanda chako. Hata ng'ombe wako mweupe amezaa. Mimi mama yako nakusalimu, lakini sijui nakusalimu na uso gani.

Walikuchimbia kaburi nje ya ua, karibu na njia, kwa sababu hukuwa umeolewa. Nililia uzikwe ndani, wazee wakasema mila ni mila. Mvua ikinyesha nasimama mlangoni naangalia huo udongo. Nafikiria baridi tu.

Achieng, ile sweta nyekundu ni mimi niliitoa. Mlikuwa mnaenda na vijana wa kanisa huko mbali, kupanda mlima mpaka ziwani na kushuka siku hiyo hiyo. Begi ilijaa. Wewe ukioga, nikatoa sweta nikaweka viazi vitamu. Nilijiambia, na jua hili, hapa Ndhiwa ni nani alishakufa na baridi? Njaa ndiyo nilikuwa naijua.

Apiyo rafiki yako alinieleza. Mlifika ziwani jua likiwaka, mkapiga picha. Mkianza kushuka ukungu ukafunga, mvua ya mawe ikapiga, mkapotezana na wenzenu. Ukafungua begi. Ukacheka, meno yakigongana: "Mama aliona njaa tu, baridi hakuiona." Apiyo akavua sweta yake akakuvalisha, akakukumbatia chini ya jiwe mpaka ukanyamaza. Waliowatafuta walipofika, wakakuvua wakamrudishia, kwa sababu wewe haingekusaidia tena.

Siku ya mazishi shangazi yako akamwambia Apiyo mbele ya watu wote, "Wewe umerudi na sweta yako. Mwenzako amerudi na nini?"

Watu wakaguna. Apiyo akaniangalia. Aliona viazi kwa hiyo begi, alijua. Akangoja niseme. Mimi nikajifunika uso na leso kama mtu analia, na sweta yako iko chini ya godoro langu.

Hajasema mpaka leo. Ameacha kuuza nyanya sokoni Kosele, kwa maana wanamuita yule wa kuvua maiti. Wanawake wananiletea uji, wananiambia pole, wanamtukana yeye. Na mimi nakunywa huo uji, Achieng. Nakunywa.

Sabato hii nitasimama kanisani na sweta mkononi. Nakuahidi. Nitasema ni mimi. Halafu niende kwa kina Apiyo, hata wakinifukuza na mbwa.

Lala, Achieng, mtoto aliyezaliwa jua la saa sita. Lakini kwanza nijibu haraka, kabla Sabato, hata kwa ndoto: hiyo sweta nimpe Apiyo, ama nikufukie nayo hapo kaburini? Usipokuja, nitajua bado unatetemeka.

Mama yako.