Kisa cha Sara ni Chako, Mama

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka hapa Samarkandi, mama yetu Yafo, na hasira bado haijatutoka.

Ulishona kofia za wanaume wa mtaa mzima, na kila ulipotunga uzi ulisimulia. Maandiko yakinyamaza, wewe ulisema. "Kwa nini Abrahamu aliondoka mapema vile kwenda kumtoa Isaka sadaka?" ulituuliza. "Alimwogopa Sara! Angeamka angemwambia, 'Mzee, mtoto humchukui. Rudi kwa Mungu wako ukaulize vizuri.'" Halafu ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Tunakikosa mno kicheko hicho.

Hata siku thelathini hujatimiza kaburini, mwalimu Osher, mhubiri wa sinagogi letu, akasimama kwenye chakula cha matanga yako, amekwisha kula pilau yetu, akasimulia kisa hichohicho. "Mimi nilipolitafakari andiko hili," akasema. Mimi! Wageni wakamsifu. Dada yako Mazol alitaka kumrushia mwiko, tukamzuia kwa kuona haya. Kwa hilo tunakuomba radhi. Tangu hapo amekizungusha harusi kwa harusi, na watoto wa mtaani wanakiita kisa cha mwalimu Osher.

Jana, kwenye chakula cha kutimiza mwaka wako, akaanza tena: "Mimi nasema, Abrahamu..."

Binti yako Tamaro alikuwa anapita na sinia la samaki wa kitunguu saumu. Akasimama palepale.

"Unasema wewe, mwalimu, au alisema mama?"

"Tamaro, dada yangu, mambo ya Torati hayana mwenyewe."

"Hayana? Marabi waliokufa miaka elfu iliyopita unawataja mpaka majina ya baba zao! Unatufundisha kila Sabato kwamba neno lisemwe kwa jina la aliyelisema. Mama wa juzi tu, aliyekushonea hiyo kofia kichwani, ndiye asiye na jina?"

Mwalimu akaishika kofia, akaketi. Tamaro akaweka sinia chini, akaanza: "Kwa jina la mama yangu, Yafo binti Hananiya." Akakisimulia chote, na mumeo, mzee Ilyau, aliyezoea kukukatiza, hakumkatiza.

Unakumbukwa na mumeo Ilyau, wanao Tamaro na Rubin, dada yako Mazol, na wajukuu, ambao tangu jana wanakiita kisa cha bibi.

Daima tutakukumbuka, na kila tukisimulia tutakutaja.